Dereva Teksi wa Sâmbăteni na Daftari Langu la Kirumba

Maneno haya niliyasema Jumamosi jioni, Kirumba, hapa Mwanza, kwenye mkutano wa mwaka wa chama chetu cha kuweka na kukopa, sisi wenye steshenari, mawakala wa fedha na mafundi simu. Kuna waliokwama njiani kwa mvua wakaniomba niyaandike. Nimeyaandika kama nilivyoyatoa, ila nimeruka pale nilipokohoa na pale umeme ulipokatika.

Ndugu Mwenyekiti, wazee wangu shikamooni. Vijana, poleni na kazi. Na wale wa kwetu Usukumani, mwadila. Asanteni mliokuja kwa miguu, maana leo bodaboda wamepandisha nauli, eti mvua.

Mwenyekiti alinipigia wiki iliyopita akasema, "Mama, utatuzungumzia usalama wa mtandaoni, dakika ishirini." Nikamwambia sikusomea hayo mambo. Akacheka. "Si wewe uliyewafungulia nusu ya kata hii barua pepe?" Nikakosa la kujibu.

Kazi yangu mnaijua. Kijana amemaliza chuo, anataka kuomba kazi kwenye Ajira Portal, mfumo unadai barua pepe, hana. Binti anaomba mkopo wa elimu ya juu, barua pepe tena. Mzee anafuatilia TIN ya duka lake, barua pepe. Namfungulia. Nikimuuliza aweke nywila ipi, ananijibu, "Weka yoyote mama, mradi ifunguke." Basi naweka jina lake na moja mbili tatu. Anaondoka hatua mbili, anarudi: "Nitunzie, mimi nitasahau." Nami natunza. Ninayo kaunta buku ya kwaya tatu, imejaa majina ya watu na nywila zao kuanzia ukurasa wa kwanza hadi karibu na mwisho. Leo nimekuja nayo, imo kwenye mkoba huu. Tutaifikia.

Kwanza niwape habari za mtu wa mbali. Anaitwa Marcel Lehel Lazăr. Alizaliwa mwaka 1971, na kwao ni kijiji kinachoitwa Sâmbăteni, mkoa wa Arad, magharibi kabisa mwa Romania. Alikuwa dereva teksi, kisha kazi ikaisha akakaa nyumbani, mtu mzima wa miaka arobaini na ushee, ana mke na binti. Hakusomea kompyuta na hakuwa mtunga programu. Vyombo vyake vilikuwa kompyuta ya mezani iliyochoka na simu ya mkononi. Mafundi mlioko hapa, kompyuta ya namna ile mteja akikuletea unamshauri aiuze kwa kilo.

Mtu huyo ndiye aliyeanza kuivuta kamba ambayo ncha yake nyingine ilikuwa imefungwa kwenye uchaguzi wa rais wa Marekani.

Mtandaoni alijiita Guccifer. Gucci ni wale wa mikoba ya bei mbaya, na kile kipande cha pili ni cha Lusifa, shetani mwenyewe. Kabla ya hapo alijiita Micul Fum, kwa Kiromania ni Moshi Mdogo, akawa anachungulia barua za watu maarufu wa nchini kwake. Walimkamata mwaka 2011, na mwaka uliofuata mahakama ikampa kifungo cha nje cha miaka 3. Mwingine angemshukuru Mungu akarudi kwenye teksi yake. Yeye alibadilisha jina tu.

Sasa mafundi watataka kujua alikuwa anaingiaje. Wengi wenu mnafikiri mdukuzi ni kijana mwenye skrini nyeusi na maandishi ya kijani yanayokimbia. Lazăr alikuwa anajibu maswali. Mnakumbuka yale maswali ya siri ya barua pepe za zamani? Umesahau nywila, basi tuambie jina la ukoo la mama yako kabla hajaolewa. Ulikulia mtaa gani? Ulisoma shule gani? Mbwa wako wa kwanza aliitwaje? Sisi wa huku hilo la mbwa lingetumaliza wote siku moja, maana kila mbwa wa Kanda ya Ziwa aliitwa Simba.

Mtu mkubwa, maisha yake yameandikwa. Mama yake anajulikana, shule yake ina picha yake ukutani. Lazăr alikaa kijijini anasoma habari za wakubwa kama mwanafunzi anayejiandaa na mtihani wa kidato cha nne, anajaribu jibu moja, likikataa analala, kesho anajaribu lingine. Uvumilivu tu. Kisanduku kimoja kikifunguka, ndani yake kuna anwani za marafiki wote wa yule bwana, na hao nao anaanza kuwasoma upya.

Naomba niwaulize kitu. Nani hapa namba yake ya siri ya kutolea hela ni mwaka aliozaliwa mtoto wake wa kwanza? Msinyooshe mikono! Mzee wangu, shusha mkono, wakala wako amekaa nyuma yako.

Na wala hakuwa wa kwanza kutumia ujanja huo. Mwaka 2008, gavana wa Alaska, Sarah Palin, alikuwa mgombea mwenza wa John McCain aliyewania urais wa Marekani. Mwanafunzi mmoja wa chuo huko Tennessee, David Kernell, miaka 20, mtoto wa mbunge wa jimbo wa chama pinzani, akaomba kubadilisha nywila ya barua pepe ya yule mama. Swali likaja: ulikutana wapi na mume wako? Habari kwamba walijuana tangu sekondari ya Wasilla ilikuwa imeshaandikwa kila mahali. Akajaza, mlango ukafunguka. Kwa kazi hiyo alihukumiwa mwaka 1 na siku 1. Amefariki mwaka 2018 akiwa na miaka 30, na hata leo ukitaja jina lake watu wanakumbuka ule usiku mmoja tu.

Turudi kwa dereva teksi wetu.

Februari 2013 dunia iliamka ikaona picha za kuchora za George W. Bush, rais mstaafu. Amejichora mwenyewe yuko bafuni! Moja amesimama chini ya bomba, uso unaonekana kwenye kioo kidogo. Nyingine ni miguu tu ndani ya beseni la kuogea. Watu walicheka mpaka mbavu zikauma. Ila kisanduku cha Bush mwenyewe hakikuguswa. Lazăr alipita kwa dada yake. Bush alimtumia dada picha zake kama mnavyotumiana picha kwenye grupu la familia, na nywila ya dada ndiyo iliyokuwa mlango.

Kulikuwa na jambo jingine kwenye barua zile ambalo halikuchekesha. Baba yao, Bush mkubwa, alikuwa amelazwa, hali si nzuri, na watoto walikuwa wanaandikiana kuhusu mazishi, nani aseme nini. Mzee yuko hai, na aliishi mpaka mwaka 2018. Ninyi mnajua kwetu kuzungumzia msiba wa mtu anayepumua kunafanywaje. Ni kwa kunong'ona, nyuma ya nyumba, watu wawili watatu, na ukisikia hatua za mtu unabadilisha mada. Wao walinong'ona kwa barua pepe, na mtu wa Sâmbăteni akawa amesimama dirishani. Hapo mimi namkasirikia Lazăr. Picha za bafuni nilicheka, sitawadanganya. Ila hili la mazishi, nilipolisoma mara ya kwanza, nilifunga kompyuta nikaenda kukaa nje.

Mwezi uliofuata, Machi 2013, akaingia kwa bwana mmoja anayeitwa Sidney Blumenthal. Pengine hamumjui, na hamna hasara. Alikuwa rafiki wa siku nyingi wa Hillary Clinton, ambaye alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani kuanzia 2009 hadi mwanzoni mwa 2013. Blumenthal alikuwa akimwandikia taarifa ndefu za mambo ya Libya, na baadhi zilihusu shambulio la Benghazi la tarehe 11 Septemba 2012, ambamo Wamarekani wanne waliuawa, balozi wao akiwemo. Lazăr akazichukua zile taarifa, akazipaka rangi ya waridi nyuma, akazigeuza mwandiko wa Comic Sans, ule wateja wangu wanaoniomba kwa kadi za kipaimara, akazituma kwa waandishi wa habari. Hebu fikirieni, mambo ya vita vya Libya kwenye kadi ya kipaimara.

Watu wakabishana kuhusu Libya. Wachache sana walitazama juu kabisa ya karatasi, pale penye anwani ya anayeandikiwa. Anwani ya waziri haikuwa ya serikali. Iliishia na clintonemail.com. Yule mama alikuwa na seva yake mwenyewe, yaani kompyuta ya kupokea na kutunza barua, nyumbani kwake Chappaqua, New York, na humo ndimo barua za kazi za waziri mzima zilikuwa zinaingia na kutoka.

Kwa wasioelewa uzito wake, chukulieni mtendaji wa kata anayetunza mihuri na mafaili ya ofisi chini ya kitanda chake. Pengine hajaiba kitu, pengine chumba chake kina kufuli zuri kuliko la ofisini. Ila siku mwananchi akiuliza faili lake, anajibiwa na nani?

Miaka miwili ikapita kimya kimya. Machi 2015 gazeti la New York Times likaandika kwamba waziri alitumia barua pepe binafsi peke yake kwa kazi za serikali muda wote. Hapo ndipo nyumba ilipowaka moto. Barua kama 30,000 zilikabidhiwa serikalini, nyingine zaidi ya 30,000 zilifutwa kwa maelezo kwamba ni za binafsi, na mahasimu wake hawakuliacha neno hilo "zilifutwa" lipumzike hata siku moja. Julai 2016, Clinton akiwa anawania urais, mkuu wa shirika la upelelezi la Marekani, FBI, James Comey, alisema kulikuwa na uzembe mkubwa lakini hakushauri kesi ifunguliwe. Kisha tarehe 28 Oktoba, siku 11 kabla ya kura, akaliandikia Bunge kwamba kuna barua nyingine zimeonekana na wanazipitia. Kama hilo ndilo lililomwangusha Clinton au la, wenyewe bado wanabishana, na mimi sina kura kule.

Nimewaletea habari hii yote kwa sababu ya kitu kimoja. Lazăr hakuwahi kuingia kwa Clinton. Alimfikia kwa kupitia rafiki, kama alivyomfikia Bush kwa kupitia dada. Kila kufuli ambalo Clinton aliweka nyumbani kwake halikumsaidia kitu, kwa sababu barua ikishatumwa inaishi nyumba mbili, na wewe ufunguo unao wa nyumba moja.

Na mwenyewe Lazăr hakujua alichokishika. Nia yake ilikuwa nyingine kabisa. Alikuwa ameshikwa na hadithi za Illuminati, kwamba kuna kikundi cha siri kinachoitawala dunia, na yeye atakifichua. Mnacheka, lakini si ninyi mnaopokea kila wiki ujumbe wa "jiunge na Freemason upate utajiri"? Ulaya nako zipo. Akatega wavu wa sato, akaburuta mamba, na mpaka anafika ufukweni bado anauliza sato wako wapi.

Mwisho wake ulikuwa wa kijijini pia. Alipohisi wanamkaribia, alichukua shoka akaivunjavunja kompyuta na simu nyuma ya nyumba. Mafundi, mnajua jinsi mtu anavyochoka mpaka aifanyie mashine hivyo. Tarehe 22 Januari 2014 polisi wakaja. Romania ikampa miaka 4, ikaongeza na ile 3 ya nje aliyokuwa ameivunja, ikawa 7. Marekani nao wakamtaka, wakamchukua mwaka 2016, akakiri mahakamani huko Virginia. Waathirika walikuwa Wamarekani wapatao 100. Akahukumiwa miezi 52. Akarudishwa Romania amalizie ya kule, mwaka 2018 akapelekwa tena Marekani, na mwaka 2021 ndipo akatoka. Hesabuni wenyewe: binti aliyemwacha nyumbani amekua bila yeye. Na hela? Hakuna. Hata mwendesha mashtaka wa nchini kwake alimweleza kama mtu maskini aliyetaka tu kuwa maarufu.

Umaarufu nao ulimchezea. Mwezi wa tano mwaka 2016, akiwa mahabusu Marekani, aliwaambia waandishi wa televisheni kwamba seva ya Clinton aliiingia, tena ilikuwa rahisi. Ikatangazwa dunia nzima. Julai, Comey akaulizwa na wabunge, akasema Lazăr mwenyewe amekiri ni uongo. Mtu yuko nyuma ya nondo, sifa zake zinapoa, akaona aongeze chumvi.

Halafu sikilizeni hili, kwangu ndilo tamu kuliko yote. Juni mwaka huohuo, Lazăr akiwa yuko ndani, akatokea mtandaoni mtu anayejiita Guccifer 2.0. Akatangaza kwamba ni yeye aliyeingia kwenye kompyuta za chama cha Democratic, chama chake Clinton, na kwamba ni Mromania, anafanya kazi peke yake. Mwandishi mmoja akamwandikia kwa Kiromania. Majibu yaliyorudi yalikuwa Kiromania cha kuungaunga, cha mtu aliyeazima lugha asubuhi ile. Julai 2018 Marekani ikawafungulia mashtaka maofisa 12 wa idara ya ujasusi ya jeshi la Urusi, GRU, na hati ya mashtaka ikasema ndio waliokuwa nyuma ya jina hilo. Mwizi wa majina ya watu akaibiwa la kwake! Na hakuwa na pa kwenda kushtaki.

Kwetu mambo haya yapo, yana sura nyingine tu. Unakuta laini imesajiliwa kwa kitambulisho chako, mtu wa Tunduma anatapeli kwayo, polisi wanamtafuta mwenye jina, yaani wewe uliyelala Igoma. Bonyezeni *106# mtazame ni namba ngapi zinalala kwenye NIDA zenu. Fanyeni hata sasa hivi, sitakasirika. Mkipata ujumbe msioujua wa "ile hela tuma kwenye namba hii", upelekeni 15040.

Lile kundi la Warusi lilikuwa na njia yake, na hii nitaieleza kwa maneno ya baba yangu, aliyekuwa anavua dagaa Ukerewe. Dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa, mitumbwi inapumzika, kwa sababu taa haionekani kitu mbele ya mbalamwezi. Giza likirudi, wanaingia ziwani na karabai, siku hizi taa za sola, wanaiacha taa inaelea na wao wanakaa kimya. Hakuna anayemkimbiza dagaa. Anakuja mwenyewe, anazunguka taa, anaita wenzake, na wavu uko chini yao muda wote.

Tarehe 19 Machi 2016, John Podesta, mwenyekiti wa kampeni ya Clinton, alipata ujumbe unaofanana na wa Google kila kitu: mtu ana nywila yako, bonyeza hapa uibadilishe. Taa hiyo. Wasaidizi wake hawakuwa wajinga, walimuuliza mtaalamu wao wa kompyuta. Mtaalamu akajibu kwamba ujumbe ni halali, abadilishe nywila haraka. Baadaye alieleza kwamba alitaka kuandika "si halali", vidole vikaruka zile herufi mbili. Mtu akabonyeza. Zaidi ya barua 50,000 zikabebwa, na kuanzia Oktoba WikiLeaks, tovuti ya kuanika nyaraka za siri, ikawa inazimwaga kwa mafungu mpaka siku ya kura.

Sasa nije kwangu, maana nimewasema sana wazungu.

Miaka kadhaa nyuma kulikuwa na uchaguzi wa mtaa, si lazima niutaje. Mgombea mmoja alikuja steshenari kwangu kuchapa vipeperushi. Akafungua barua pepe yake kwenye kompyuta ya wateja, ile ya pembeni. Umeme ukakatika. Akasubiri, akachoka, akasema atarudi kesho. Umeme uliporudi mimi nilikuwa nimekwenda sokoni Mwaloni. Kijana wangu wa kazi akawasha mashine, ukurasa ukajirudisha wenyewe, na kisanduku cha mgombea kikawa kimekaa wazi kama duka.

Akasoma. Akakuta barua ya mtu anayetaka kununua kile kiwanja cha wazi wanachochezea watoto, na majibu ya mgombea kwamba asiwe na wasiwasi, uchaguzi ukiisha watamaliza. Kijana hakuchapa. Alipiga picha skrini nzima kwa simu, akairusha kwenye grupu la WhatsApp la mtaa. Mpaka magharibi ilikuwa imefika Buhongwa.

Yule bwana alishindwa. Kiwanja kipo, na jana nilipopita watoto walikuwa wanacheza mpira pale, wananipigia kelele nisipite katikati ya goli. Watu walimsifu kijana wangu kama shujaa. Walikuja dukani kumpa mkono, wengine walimnunulia soda.

Lakini picha ile ilikuwa ya skrini nzima. Chini ya barua ya kiwanja ulionekana mstari wa kwanza wa barua nyingine, ya dada yake mgombea, anamweleza kaka yake majibu aliyopewa hospitali. Mstari mmoja tu, na jina lake kamili. Maneno ya kiwanja watu waliyazungumza siku tatu. Ule mstari waliuzungumza mwaka mzima. Dada alikuwa anauza vitenge hapahapa, wengine wenu mlikuwa mnanunua kwake. Alifunga meza akahamia Geita. Hakugombea chochote yeye. Hakuuza kiwanja cha mtu.

Mimi nimeulizwa mara nyingi: kijana alikosea au hakukosea? Nimejaribu majibu yote mawili na hakuna hata moja linalonikaa vizuri. Ila najua nani hakuwa na sababu ya kuwemo kwenye picha ile. Na najua mashine ilikuwa ya nani.

Kwa sheria jibu lipo, ni fupi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inasema anayeingia kwenye mfumo wa mtu kwa makusudi bila ruhusa, faini haipungui shilingi milioni 3, au mara tatu ya faida aliyopata kama hiyo ni kubwa zaidi, au kifungo kisichopungua mwaka 1, au vyote pamoja. Na ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo inatugusa sisi tunaokusanya majina, namba za NIDA na picha za watu. Wenye vitambulisho vya wateja mlivyovitoa kopi vikabaki mezani na sasa mnavifungia karanga, najua mnanielewa. Niliwahi kununua karanga hapo stendi, nikamaliza kula nikaona uso wa jirani yangu.

Kwangu nimebadilisha machache. Kompyuta ya wateja sasa inafunguliwa kwa ile hali isiyokumbuka kitu, ukifunga ukurasa kila kitu kinafutika. Faili la mteja nalifuta mbele yake. Anayetaka barua pepe, kiti nampa yeye, nywila aandike mwenyewe, hata ikichukua nusu saa na foleni ikanung'unika. Mzee mmoja wa Magu alichukua saa nzima, akaweka mstari mzima wa wimbo wa kulimia wa kwao. Huo hata Lazăr asingeuotea. Namba ya simu ya kurudishia akaunti inakuwa ya kwake, siyo ya duka langu. Mwanzoni niliweka ya duka, kwa wema kabisa, mpaka nilipogundua kwamba watu mia na kitu wakisahau nywila, ujumbe wa kufungulia unakuja kwenye simu yangu mimi. Dereva teksi wa Sâmbăteni alihangaika miezi na miezi kutafuta nafasi ambayo mimi nilipewa bure, na soda juu.

Mwenyekiti ananionesha saa. Namalizia.

Hii hapa kaunta buku. Nilikuwa nimepanga kuichoma jikoni, nikakumbuka yule mwenzetu na shoka lake. Nikiichoma mimi, wenye majina mtajuaje kama kweli nimeichoma, na kama sikuipiga picha kwanza? Kwa hiyo nitakaa pale mlangoni karibu na masufuria ya pilau. Anayejua nilimfungulia barua pepe, aje anitajie jina, nimtafutie mstari wake, tuukate kwa mkasi, auchukue aondoke nao. Akifika nyumbani abadilishe nywila. Wasiokuja leo nitawapigia mmoja mmoja, namba zao si zimo humu humu.

Tuanze na wazee. Mkasi ninao.